Kutoka Kamera hadi Bango Kubwa: Mambo ya Kujua Kabla Hujalipa

Kila shughuli inapokaribia katika kaunti yetu, iwe ni Maulidi ya Mfungo Sita, mashindano ya mashua, Tamasha la Utamaduni la Lamu au maonyesho ya shule, kazi moja hujirudia. Kikundi cha vijana, cha akina mama au cha wavuvi kina picha nzuri ndani ya simu, na kinataka itoke kubwa, itundikwe watu waione. Fedha huchangwa, picha hutumwa kwa simu hadi duka la kuchapisha Malindi au Mombasa, na baada ya siku kadhaa parseli hushushwa Mokowe na kuvushwa kwa boti. Inafunguliwa, na uso wa mtu umekuwa miraba midogo midogo.

Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe. Jirani zangu walikuwa wakiandaa maonyesho madogo juu ya ufundi wa mashua, wakaniomba nisaidie kuchapisha picha 6 kwa ukubwa wa A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1. Tano zilitoka vizuri. Ya sita ndiyo waliyoitaka kuliko zote: fundi mzee ameinama, tezo mkononi, akichonga taruma la mashua aliyokuwa akiiunda. Fundi huyo alikuwa amekwisha kufariki, kwa hivyo hakukuwa na njia ya kumpiga picha nyingine. Picha ilinifikia kwa WhatsApp, nami nikaipeleka kama ilivyo, kwa kuwa kwenye simu yangu ilionekana safi kabisa. Ilirudi imefifia, kingo za uso zimekatika-katika, na tezo haijulikani kama ni tezo au nyundo. Mchapishaji hakuwa na kosa. Alichapisha alichopewa.

Makala haya yanaeleza kwa nini hutokea hivyo, na nini cha kufanya ili fedha ya kikundi isiende bure.

Mkeka na miyaa yake

Picha ya kamera ya dijitali imeundwa kwa vitone vidogo vinavyoitwa pikseli, kila kimoja na rangi yake, vimepangwa safu kwa safu. Mfano wa karibu ni mkeka. Mkeka uliosukwa una idadi yake ya miyaa, na kama ungeweza kuuvuta uwe mkubwa mara tatu, miyaa isingeongezeka. Kila mmoja ungepanuka tu, na nakshi uliyoiona nzuri kwa mbali ungeiona mapande mapande.

Kamera ya megapikseli 12, ambayo ndiyo hali ya simu nyingi, hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Zidisha hizo mbili utapata milioni 12. Kamera kubwa ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6,000 kwa 4,000. Hizo ndizo miyaa zako. Sasa chukua urefu wa bango unalotaka, uupime kwa inchi (inchi 1 ni sentimita 2.54), kisha gawanya pikseli za upande mrefu kwa inchi hizo. Jibu utakalopata ni idadi ya vitone katika kila inchi ya karatasi, na jibu hilo ndilo litakalokuambia picha itatoka vipi kabla hujatoa hata shilingi.

Tuchukue bango la A1. Upande wake mrefu ni inchi 33 na kidogo. Pikseli 4,000 zikigawanywa kwa hizo, unapata vitone 121 kwa inchi. Kamera ya pikseli 6,000 inatoa vitone 181. Kwa A2, ambayo ni nusu ya A1, kamera ya simu inafikia 171 na kamera kubwa inafikia 256. Ukitaka A0, karibu mita 1.2 kwa urefu, simu inabaki na 85 tu na kamera kubwa 128.

Picha ya kushikwa mkononi, kama ya albamu au ya kitabu, huhitaji vitone 300 kwa inchi ili jicho lisione kasoro. Bango la ukutani linalotazamwa kutoka mita moja au zaidi kidogo hutosheka na 150, na hata 120 hupita ikiwa picha yenyewe ilipigwa vizuri. Chini ya 100, mtu akisogea ataona. Kadiri mtazamaji anavyosimama mbali ndivyo vitone vichache vinavyotosha. Ndiyo maana yale mabango makubwa ya barabarani Mombasa, yanayotazamwa na mtu aliye ndani ya gari, huweza kuchapishwa kwa vitone vichache mno na bado yakaonekana safi.

Lakini hapa inafaa tukumbuke tunaishi wapi. Mchapishaji wa mjini anaweza kukuambia, kwa nia njema, kwamba bango ni bango na vitone 60 vinatosha. Kwa barabara kuu ni kweli. Katika Mji wa Kale wa Lamu, bango lililotundikwa Usita wa Mui halitazamwi kutoka mbali, kwa sababu hakuna mbali. Watu wanapita kwa mabega, punda wanapita, na mtoto anaweza kuligusa. Pua ya mtazamaji iko hatua moja kutoka karatasi. Bango la kichochoroni lihesabu kama picha ya ukumbini, vitone 150, na kama hazifiki basi chagua ukubwa mdogo. A2 iliyo safi inapendeza kuliko A0 iliyofifia, na bei yake ni ndogo. La Mokowe au Mpeketoni, litakalofungwa uwanjani na kutazamwa kutoka ng'ambo, hilo unaweza kulipanua.

Njia ndiyo inayopunguza

Turudi kwa fundi wetu. Picha yake ilipigwa kwa simu ya kawaida yenye pikseli 4,000, na ingetosha kwa A1. Kilichoiharibu ni safari. WhatsApp, ili kuokoa bando na kufanya picha ifike haraka, huipunguza kila inayotumwa kwa njia ya kawaida. Mara nyingi picha hubaki na pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu. Gawanya kwa inchi 33 za A1 na unapata vitone 48. Kwenye kioo cha simu, ambacho ni kidogo kuliko kiganja, huwezi kuiona tofauti hiyo hata ukiwa na macho ya tai. Mitandao mingine ya kijamii nayo hufanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa kiasi chake. Kupiga picha ya kioo cha simu ni vibaya zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Unapotuma picha ya kuchapishwa kwa WhatsApp, usiitume kama picha, itume kama dokyumenti. Hapo faili hufika kama ilivyotoka, bila kupunguzwa. Kile kitufe chenye herufi HD husaidia kiasi, lakini bado hupunguza. Barua pepe nayo inafaa, au kuiweka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni na kumpa mchapishaji kiungo. Kwa vijiji ambako mtandao hukatika-katika, njia ya uhakika ni ile ya zamani: weka faili kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, umkabidhi mtu anayesafiri.

Namna ya kukagua: fungua faili kwenye simu au kompyuta, tafuta maelezo yake, na usome pikseli zake na uzito wake. Picha halisi ya simu huwa na megabaiti 2 hadi 6 au zaidi. Ukikuta ina kilobaiti 150, hiyo si asili. Rudi kwa aliyeipiga umuombe ile iliyo ndani ya simu yake.

Ndivyo tulivyofanya, na haikuwa kazi ndogo. Aliyenitumia picha ya fundi alikuwa ametumiwa na mwingine, naye ametumiwa na mwingine, na kila aliyeulizwa alikuwa na ile ile ndogo. Hatimaye ikajulikana kwamba mpigaji alikuwa mjukuu, na simu aliyotumia siku ile ilikwisha kuvunjika kioo, iko ndani ya kijaluba cha vyuma chakavu. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa bado imo. Tuliitoa, tukaifuta chumvi kwa kitambaa kikavu, na picha ilikuwako, pikseli 4,000 kamili. Laiti kadi ingetupwa na simu, sura ya mzee yule ingebaki ndogo daima.

Wapo watakaouliza: je, hizi programu za akili mnemba zinazokuza picha? Zipo, na baadhi ni za bure. Ni vizuri kuelewa zinafanya nini. Programu haiwezi kujua kilichokuwa katika sehemu iliyopotea, kwa hivyo hukisia, kwa kufuata picha nyingine nyingi ilizofunzwa. Kwa mchanga, mawingu au maji ya bahari, makisio hayo hayadhuru mtu. Kwa uso wa mtu unayemjua, inaweza kukuletea macho ambayo si yake na meno ambayo hakuwa nayo. Tulijaribu kwa fundi kabla hatujaipata kadi. Mwanawe alitazama mara moja akasema huyu si baba. Na ikiwa picha yako ni ya kuonyesha hali ya kitu, kwa mfano ufuo ulioliwa na bahari au ukuta wa nyumba uliopasuka, na utaipeleka kwenye kikao cha umma, usiikuze kwa njia hiyo kabisa. Mtu akigundua kwamba kuna sehemu zilizokisiwa, ana haki ya kutoiamini yote.

Kupiga picha ukijua itakuzwa

Kukuza picha hukuza na makosa yake. Mtikisiko mdogo wa mkono, ambao kwenye simu hauonekani, kwenye A1 hugeuka kivuli cha pili. Egemea ukuta au baraza, shika simu kwa mikono miwili, piga picha tatu nne za kitu kimoja, kisha uchague iliyo kali zaidi. Ndani ya nyumba au jioni, kamera hulazimika kukusanya mwanga kwa muda mrefu, na picha hutoka na chembechembe kama mchanga. Kama unaweza, mtoe mtu kwenye mwanga wa kiwanda cha nyumba au mlangoni.

Usivute kwa vidole ili kukaribia. Kwenye simu nyingi, kuvuta mara mbili ni kukata tu kingo na kubakisha robo ya pikseli. Nenda kwa miguu. Pia angalia mipangilio ya simu yako: zile zinazotangazwa kuwa na megapikseli 50 mara nyingi huunganisha pikseli nne kuwa moja na kuhifadhi picha ya 12 na kitu, mpaka uzichagulie vingine. Kamera ya mbele, ile ya kujipiga, kwa kawaida ni dhaifu kuliko ya nyuma.

Jambo la tatu ni chumvi. Upepo wa bahari huacha ukungu mwembamba juu ya lenzi, na simu inayokaa mfukoni huongeza mafuta ya vidole. Matokeo yake ni weupe-weupe unaofunika picha nzima, na wengi hudhani ni jua. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kila kazi. Ukiwa ndani ya boti, futa kila mara.

Jua letu nalo lina kiburi. Saa sita mchana, kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa huungua na kuwa weupe mtupu, huku uso chini ya kofia ukiwa mweusi. Weupe ulioungua hauna kitu ndani yake. Mchapishaji hawezi kuurudisha. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au baada ya swala ya alasiri. Ukilazimika kupiga mchana, gusa sehemu nyeupe kwenye kioo cha simu ili kamera ipunguze mwanga, kisha weusi utaweza kuuinua baadaye kidogo.

Na acha nafasi pembeni. Umbo la karatasi za A halilingani na umbo la picha za kamera. Picha ya simu ni pana kidogo kuliko karatasi, na picha ya kamera kubwa ni ndefu kidogo, kwa hivyo kuijaza karatasi yote kunamaanisha kukata karibu asilimia 6 ya upande mmoja. Ni kidogo, lakini nimeona bango la mashindano ambalo ncha ya foromali ilikatwa, na kila nahodha aliyelitazama aliona ncha iliyokosekana kabla ya kuona kitu kingine. Unapopiga mashua, mpe tanga lake hewa juu na pembeni. Ikiwa picha haina nafasi hiyo, mwambie mchapishaji aache ukingo mweupe. Usikubali ainyooshe ili ijae. Picha iliyonyooshwa huwanenepesha watu au kuwarefusha, na hakuna anayependa kuonekana hivyo mbele ya mtaa mzima.

Picha za zamani zilizo kwenye karatasi

Nyumba nyingi za Lamu, Pate, Siyu na Faza zina picha za karatasi ndani ya masanduku, na unyevu unazila. Hizi pia zinaweza kuwa mabango. Zinahitaji skana, si simu, kwa kuwa simu huleta mng'aro na huipinda picha. Mwambie mwenye skana aiweke kwenye vitone 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikipitishwa hivyo hutoa pikseli 2,400 kwa 3,600, na hiyo inakufikisha A2 kwa vitone zaidi ya 150. Ikipitishwa kwa 300, unapata nusu ya hizo kila upande, na A2 yako itakuwa na vitone 77. Wengi huacha skana ilivyo, bila kuuliza. Ikiwa picha imegandamana na kioo cha fremu, usiivute. Ipitishe pamoja na kioo chake. Na ukiwa na filamu yake, ile ya rangi ya kahawia, itunze kuliko picha yenyewe, kwa kuwa ndiyo asili.

Ukifika kwa mchapishaji

Kabla hujaagiza, omba kipande cha majaribio: sehemu ya picha yako, tuseme uso na mkono, ichapishwe kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa ule ule itakaokuwa kwenye bango. Gharama yake ni ndogo, na kikundi kinaweza kukitazama kabla ya kulipia kazi nzima. Kama uko Kiunga na duka liko Mombasa, hata ndugu aliye huko anaweza kukushikia kipande hicho na kukuambia alichokiona.

Rangi zitakushangaza. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi huupokea tu. Picha iliyohaririwa usiku, kioo kikiwa na mwanga wa juu kabisa, itatoka nyeusi. Punguza mwanga wa kioo hadi nusu unapohariri, na uitazame mchana. Baadhi ya rangi, hasa samawati kali ya bahari na kijani kibichi, wino hauwezi kuzifikia kikamilifu, kwa hivyo bahari ya Manda kwenye karatasi itakuwa tulivu kuliko ile ya kwenye simu.

Vitu vya kuchapishia ni vingi. Karatasi ya picha inafaa kwa maonyesho ya ndani. Turubai ya plastiki, ile inayotumika kwa mabango ya mikutano, inafaa nje, na kwa kawaida huuzwa kwa mita mraba, kwa hivyo linganisha maduka kwa kipimo hicho hicho. Zipo pia karatasi za kunata na mbao nyepesi za plastiki ngumu. Uliza na wino: uko wino wa maji, mzuri ndani ya nyumba, lakini ukilowa hutiririka na juani hufifia upesi, na uko wino wa kazi za nje. Mwambie wazi kwamba bango litakaa pwani, kwenye chumvi na jua. Kwa la nje, omba kingo zikunjwe na kuwekwa vijitundu vya chuma vya kupitishia kamba.

Kisha safari ya kurudi. Karatasi iliyokunjwa haikunjuki tena. Mwambie aizungushe, upande wa picha ukiwa nje, aitie ndani ya bomba gumu. Kipande cha paipu ya plastiki ya maji, chenye vizibo pande mbili na utepe wa kunata, kimetusaidia sana, kwa kuwa kati ya Mokowe na gati la Lamu kuna rasharasha, na katoni ikilowa imekwisha. Ifungue hapo hapo ulipoipokea.

Kabla ya kutundika

Ikiwa bango lina uso wa mtu, muombe ruhusa, na umuonyeshe ukubwa wake. Mtu aliyekubali kupigwa picha arusini hakukubali kuwekwa gatini kwa urefu wa mita moja. Kwa akina mama hili lina uzito wake katika jamii yetu, na si adabu peke yake: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Mwandikishe mtu kwa maandishi mafupi, hata mstari mmoja na sahihi. Picha uliyoichukua mtandaoni ina mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kuichapisha kubwa hakuibadilishi kuwa yako.

Mabango ya nje yako chini ya mamlaka ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hivyo uliza ofisini kuhusu kibali kabla ya kuchapisha, si baada. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una ulinzi zaidi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006. Misumari kwenye mlango wa nakshi, au gundi kwenye lipu ya chokaa, ni uharibifu hata kama bango ni la heri. Tumia kamba, au fremu ya mbao iliyoegemezwa.

Kuta zetu za matumbawe hutoa jasho. Karatasi iliyobandikwa moja kwa moja juu ya ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu, hujikunja mawimbi, na baada ya muda huota madoa ya ukungu kutoka nyuma. Weka vipande vya ubao vya unene wa kidole kati ya picha na ukuta ili hewa ipite. Ukiweka kioo, kisiguse picha. Usiitundike panapopigwa na jua la dirisha. Ukuta ulio mkabala na dirisha huungua zaidi, na ule wa pembeni ni salama.

Kwa bango la nje, fikiria kama nahodha. Turubai ya mita 3 kwa 2 iliyofungwa mbele ya bahari ni tanga, na kusi ikishika italing'oa pamoja na kilichofungiwa. Funga kila kitundu, si pembe nne tu, na acha kamba ziwe na ulegevu kidogo. Watu wengine hutoboa matundu katikati ili upepo upite. Hayasaidii sana na huiharibu picha. Ni bora kulitundika penye kinga, au kulishusha usiku.

Shughuli ikiisha, literemshe siku hiyo hiyo. Turubai haiozi, na ikipasuka vipande vyake huishia mikokoni na baharini. Ioshe kwa maji baridi, ianike kivulini, izungushe. Ikishapitwa na tarehe, mafundi wa mashua huipokea kwa furaha kufunikia mbao na injini wakati wa masika. Ile ya maonyesho yetu, yenye jina na tarehe kwa herufi kubwa, sasa imefunika mashua iliyopandishwa ufuoni, upande wa maandishi ukiwa ndani.